Dawa za vimelea vya samaki wa maji chumvi: ipi ununue kwanza na ipi uiache rafuni

Najua umekuja hapa mbio mbio, samaki ana vidoa vyeupe na unataka jina la chupa ukanunue leo leo. Sawa, majina yapo hapa chini. Ila kabla ya chupa yoyote nunua tangi la pili, dogo tu la lita 40 hadi 80, lisilo na mchanga wala mawe, weka filta ya sponji, hita, pampu ya hewa na vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki samaki wapate pa kujificha. Bila hilo karibu kila dawa ya maana nitakayoitaja hutaweza kuitumia, maana zinazoua vimelea kweli kweli zinaua pia konokono, kamba na matumbawe, na shaba ikishaingia kwenye tangi kuu mawe na mchanga vinainyonya, kwa hiyo dozi inakukimbia kila siku.

Alafu ujue unapigana na nani. Vidoa kama chembe za chumvi unazoweza kuzihesabu, samaki bado anakula, huyo mara nyingi ni Cryptocaryon irritans, ugonjwa wa vidoa vyeupe. Vumbi laini kama unga wa dhahabu ambalo unaliona tu ukimulika tochi kwa pembeni, samaki anahema haraka, anakimbia taa, anakaa mdomoni mwa pampu, hiyo ni velveti (Amyloodinium ocellatum) na hapo una siku chache, wakati mwingine huna hata hizo. Ute mwingi unaomchuruzika samaki, hasa samaki klauni, fikiria kimelea kiitwacho Brooklynella. Kujikunakuna na macho kuwa na ukungu bila vidoa vyovyote, hao mara nyingi ni minyoo bapa wa kwenye ngozi na mashavu. Kidonda chekundu ubavuni, hasa kwa wale samaki wadogo wa kijani wanaouzwa kwa makundi, ni Uronema na hiyo ina tabia zake mbaya nitaisema baadae.

Namba moja kwangu ni shaba, lakini inunuliwe pamoja na kipimo, kama hela haitoshi vyote viwili basi subiri itoshe. Shaba inaua kimelea kikiwa kinaogelea kutafuta samaki, kile kilichojichimbia kwenye ngozi haikifikii, na kile kilichojifunga kwenye ganda chini ya tangi pia haikifikii, ndio maana unaishikilia siku 30 mfululizo na kiwango kikishuka siku moja unaanza kuhesabu upya. Mimi mara ya kwanza nilitumia shaba kwa kufuata matone ya kwenye kibandiko bila kupima kitu, wiki mbili vidoa vikaondoka nikajiona daktari, nikarudisha samaki kwenye tangi kuu na siku ya nane kangaja wangu alikuwa kama amemwagiwa semolina. Vidoa huwa vinaondoka vyenyewe hata usipofanya lolote! Kimelea kinakaa kwenye samaki siku 3 hadi 7 kinashiba, kinadondoka, kinajifunga ganda, kinazaliana humo na kurudi kwa mamia. Samaki akionekana msafi katikati hapo wewe unasema dawa imefanya kazi.

Shaba zenyewe ziko za aina mbili. Kuna ya ioni kama Cupramine, hii ni kali, lengo ni miligramu 0.5 kwa lita na unaipandisha kwa dozi mbili zilizoachana saa 48, nafasi ya kukosea ni ndogo. Na usiichanganye kabisa na zile dawa za kuondoa klorini na amonia, zinaigeuza kuwa sumu. Kuna shaba iliyofungwa, yaani imeshikwa na kemikali nyingine ili isiachie yote kwa mkupuo, kama Copper Power na Coppersafe, hizi zinaendeshwa kwenye miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita na samaki wengi wanazivumilia vizuri zaidi. Kwa anayeanza nasema chukua iliyofungwa, pandisha taratibu kwa siku mbili tatu kama ni vidoa tu, ukiona samaki ameacha kula simama hapo ulipo usiongeze mpaka ale. Zima taa ya UV (ile ya kuua vijidudu kwenye maji) na utoe mkaa kwenye filta, la sivyo unalisha dawa kwenye takataka. Kipimo cha kununua ni cha kidijitali, Hanna HI702, kinasoma mpaka miligramu 5, vile vya kulinganisha rangi kwa macho havitoshi, vingine havisomi shaba iliyofungwa ipasavyo na wewe utabaki unabishana na mwenzio kama hii ni bluu au bluu kidogo. Papa na samaki aina ya taa usiwawekee shaba, mkunga pia ningemtafutia njia nyingine.

Namba mbili ni praziquantel, PraziPro ikiwa ndio inayojulikana zaidi. Hii haigusi vidoa vyeupe wala velveti hata kidogo, kazi yake ni minyoo bapa tu, na bado naiweka juu kwa sababu samaki wapya wengi wanakuja na minyoo na ni dawa isiyomsumbua sana samaki. Mayai haiyaui, kwa hiyo dozi moja ni kujidanganya, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Maji yanaweza kuwa na ukungu kidogo sababu bakteria wanashangilia, oksijeni inashuka, ongeza hewa. Kama huna uhakika ni minyoo, kuna jaribio la bure kabisa: mwogeshe samaki dakika 5 kwenye maji yasiyo na chumvi yenye joto na pH (kipimo cha ukali wa asidi) sawa na ya tangi lake, weka chombo cheusi chini, minyoo ikiwepo utaiona imegeuka meupe na kudondoka kama ufuta. Samaki akianza kuyumba vibaya mtoe hata kama dakika hazijaisha.

Namba tatu wala sio dawa, ni ndoo. Namaanisha njia ya kuhamisha: samaki anakaa chombo cha kwanza, kabla saa 72 hazijaisha anahamia cha pili chenye maji mapya ya joto na chumvi ile ile, cha kwanza unakiosha na kukikausha kikauke kweli, hivyo hivyo mara nne, siku 12 umemaliza vidoa vyeupe bila tone la kemikali. Inafanya kazi kwa kuwa kimelea kikidondoka kinahitaji angalau siku tatu ndani ya ganda, kikitoka kinakuta samaki kahama nyumba. Ni uzuri mtupu, ila kwa velveti haifai na kwa minyoo haifai, na siku ukichelewa masaa kadhaa sababu ya foleni za maisha umerudi mwanzo. Unanunua ndoo mbili, hita mbili, na chumvi nyingi.

Hapo hapo niweke na kushusha chumvi, mpaka 1.009 kwa kipimo cha uzito wa maji, kwa siku 30. Ukiamua hii basi hela yako iende kwenye rifraktomita (kipima chumvi) nzuri na maji ya kuirekebishia, sababu 1.009 inaponya na 1.012 inamchosha samaki bure. Kushusha unaweza ndani ya siku mbili, kupandisha nenda polepole karibu wiki. Angalia pH maana inashuka pamoja na chumvi. Inasaidia vidoa na minyoo, velveti inaicheka. Zipo pia aina za vidoa zilizozoea chumvi kidogo, ndio maana mimi siipi nafasi ya juu.

Formalini inafuata, na naiweka hapa sio kwa sababu ni mbovu, kwa Brooklynella na Uronema ni kati ya vichache vinavyofanya kazi haraka. Shida ni wewe mnunuzi. Inasababisha saratani, lazima glavu, lazima dirisha wazi, inakula oksijeni, na chupa ikikaa kwenye baridi ikatengeneza unga mweupe chini usiitumie tena, huo unga ni sumu zaidi kwa samaki. Akriflavini ni laini zaidi na kwa mtu mwenye watoto nyumbani ningesema aanzie hapo. Uronema lakini isikudanganye, haihitaji samaki ili iishi, inakula bakteria na mabaki, ikishaingia ndani ya nyama ya samaki dawa ya kwenye maji haiifikii, na kuacha tangi bila samaki hakuimalizi.

Klorokwini, ndiyo ile ile ya malaria ya zamani, ni nzuri kwenye karatasi kwani dozi ni moja na inagonga vidoa, velveti na Brooklynella kwa pamoja. Mbona basi iko chini? Kwa sababu hakuna kipimo cha nyumbani cha kujua imebaki kiasi gani, mwanga unaiharibu, bakteria wanaila, na unga unaouzwa hujui ndani kuna nini. Sehemu nyingi inahitaji cheti pia. Ukiwa na mganga wa mifugo anayeelewa samaki, sawa.

Taa ya UV ni msaidizi, inaua kinachopita ndani yake tu, tiba hapana. Kamba na samaki wasafishaji hawawezi kufukua kilicho chini ya ngozi.

Mwisho kabisa, chini ya kila kitu, zile chupa zilizoandikwa "salama kwa matumbawe": vitunguu saumu, pilipili, mitishamba, mafuta ya mti wa chai (tea tree). Nilishanunua tatu. Fikiria tu, kimelea nacho ni kiumbe chepesi kama wengine humo ndani, dawa isiyomgusa konokono itakimalizaje? Kitunguu saumu kwenye chakula sina ugomvi nacho, kinaweza kumshawishi samaki ale, basi.

Na wakati samaki wako kwenye tangi la dawa lile kuu linakaa bila samaki hata mmoja. Ganda la kimelea limewahi kupasuka baada ya siku 72, ndio ile namba 76 inayotajwa kila mahali imetokea huko. Wenye kuweka joto nyuzi 27 wengi wanaishia siku 45. Mimi nakaa 76, nishachoma hela za kutosha. Konokono na kamba walishe kidogo humo, na nyavu ya tangi la dawa isiguse upande wa pili hata kwa bahati mbaya, tone moja la maji linatosha.