Mashine ya tofali za interlock, zile zinazofungamana (ya mkono): inafaa kujengea vijijini Kagera?

Jibu fupi, inafaa, naipa nne kwa tano. Ile moja iliyobaki sio ya mashine, ni ya mafundi, nitaeleza.

Nyumba ya mama ilikuwa ya mawe na udongo kama nyingi za Bukoba vijijini, na lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu mchana, ukubwa 5.9, ndio lililoimaliza. Misaada ilikuja, mablanketi, maturubai, mabati kidogo, ila nyumba kila mtu alijijengea mwenyewe, tena sisi wa mlimani ambako lori halifiki na kila mfuko wa simenti unapanda kwa bodaboda, gharama inakua hadi unachoka. Sasa tofali za kuchoma zinataka kuni nyingi na kuni zenyewe ziko wapi jamani, ndio nikakodi hii mashine kwa kikundi cha vijana.

Haili umeme wala dizeli, vijana wanne wanaibeba wanapandisha nayo, udongo unachimba hapohapo uwanjani, unachekecha, unachanganya na simenti kidogo na maji kidogo, mnavuta mkono wawili, tofali limetoka. Mfuko mmoja ulitupa kama 60 hadi 70 hivi kutegemea udongo. Pimeni udongo kwa kopo moja lilelile kila mara, ukiweka pungufu tofali linatoka lege, pembe zinamomonyoka ukilishika tu. Halafu sio unaanika juani kama mihogo! Yanapangwa kivulini, sisi tuliyafunika majani ya migomba, tukamwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Kwenye ukuta yanashikana bila mota nyingi (ule mchanga na simenti wa kuungia tofali) na hayahitaji plasta, hapo ndipo pesa inapookoka kwelikweli.

Sasa mafundi. Wangu aliniambia "bosi, hizi zinajifunga zenyewe, nondo za nini?" Wee! Kufungamana kule kunasaidia kupanga ukuta unyooke, tetemeko likisukuma ukuta kwa ubavu ni habari nyingine kabisa. Yale matundu katikati ya tofali hayakuwekwa kwa urembo, kwenye kona na pembeni mwa milango na madirisha unashusha nondo kuanzia kwenye msingi, unajaza zege, na juu unazungusha mkanda wa zege nyumba nzima, sio lenta ya juu ya mlango tu. Tulibishana hadi mama akaingilia, "baba, weka hivyo vyuma, mimi ndio nitalala humo."

Nondo na mkanda vinapandisha bei, sikatai, ila punguza chumba kimoja kuliko kuviruka. Na kabla hujakodi weka udongo kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha utulie: ukiona karibu yote ni mfinyanzi changanya na mchanga kwanza, la sivyo tofali zinapasuka zikikauka na hela ya kukodi imeenda.