Roki ya laivu kwenye baa ndogo ya makuti Malindi, nendeni

Jamani kama unapenda roki na unaishi huku kwetu unaijua taabu yake. Bendi za roki ni za Nairobi, ndiko walikotoka kina Parking Lot Grass na Murfy's fLaw, huku Malindi ukitaka laivu utapata muziki wetu wa Pwani wa bango, utapata ngoma ya mwanzele, hotelini utapata mtu na kinanda anawaimbia Wataliano, lakini gitaa la umeme la kukwaruza mpaka kifua kitetemeke, wapi. Ndo maana Jumamosi niliposikia kuna baa ndogo upande wa Casuarina imeleta vijana wanne wa roki nikadandia tuktuk hata chakula cha usiku sijala.

Baa ni ndogo kweli, meza nane, steji hamna, bendi wamesimama chini pale kona karibu na friji ya bia, ukinyoosha mkono unamgusa mpiga besi. Na utamu wenyewe ndo huo! Drami hazina maiki hata moja, unasikia ngozi yenyewe na kijiti kikigonga ukingo, halafu paa ni la makuti na pembeni wazi kwa hiyo sauti hairudi kukupiga masikio kama kwenye kumbi za zege na mabati ambako nyimbo mbili tu unabaki na mvumo. Makuti yanameza ule ukali. Nilisikia mpaka vidole vikiteleza kwenye nyuzi, kitu sijawahi kukisikia kwenye shoo kubwa yoyote.

Mpiga drami alikuwa ameweka tofali mbele ya ile drami kubwa ya mguu, sakafu ni simiti laini, bila tofali kila akikanyaga pedali inamkimbia. Wimbo wa tatu tofali likaanza kusogea nalo, mzee mmoja wa kikoi meza ya mbele akainuka, akalirudisha, akalikanyagia hapo hapo na mguu wake mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyemwomba. Mimi roho yangu ilifurahi sana kwa kweli.

Sasa wenye baa mnisikize. Kiingilio 300 ni haki kabisa, lakini mliandika saa mbili na bendi ikaanza saa tatu unusu, watu wengine tuna familia. Na yule dada anayeimba ana sauti ya nguvu lakini hatukumsikia vizuri, kwa sababu spika mmeiweka nyuma yake, sauti inaingia tena kwenye maiki, maiki inapiga mluzi, mnaishusha, maneno yanazama. Isogezeni mbele yake hatua mbili tu, haigharimu hata senti. Uzi mmoja wa gitaa pia ulikatika na hakukuwa na wa akiba, hewa ya chumvi hii inakula chuma, wekeni seti moja hapo kaunta mbona betri za rimoti mnaweka.

Mishkaki mizuri, pilipili yake kali. Choo kisafi.

Wanapiga tena Jumamosi hii. Fikeni mapema mpate meza za kulia, kushoto ni karibu na friji na nyimbo za polepole mtasikia inavyonguruma.