Peloton nyumbani: piga hesabu ya ada kabla ya bei ya baiskeli

Ndugu na jamaa wakinipigia kuniuliza kuhusu Peloton, ile baiskeli ya mazoezi ya ndani yenye skrini inayokuletea vipindi vya walimu, huanza na bei ya baiskeli. Mimi huwauliza kwanza: hapo nyumbani watapanda watu wangapi? Baiskeli hii imekaa sebuleni kwetu hapa Minnesota kwa miaka kadhaa sasa, tunaipanda watu wazima watatu, na kwa nilivyoona hilo ndilo jambo linaloamua kama inafaa kununuliwa au la. Kwa nyumba ya watu wawili watatu wanaopenda kufundishwa, inafaa, hasa ukiinunua mtumba. Kwa mtu anayeishi peke yake na anayependa kukanyaga pedali huku akiangalia mpira, ziko njia za bei nafuu zaidi.

Tazama namba zenyewe. Oktoba 2025 Peloton ilitoa matoleo mapya, baiskeli ya kawaida ikawekwa dola 1,695 na Bike+, ile ya daraja la juu, dola 2,695. Wakati huohuo ada ya uanachama kamili, ule unaofungua skrini ya baiskeli, ilipanda kutoka dola 44 hadi 49.99 kwa mwezi. Kabla ya Juni 2022 ilikuwa dola 39. Zidisha ada ya sasa kwa miezi 36 utapata karibu dola 1,800, yaani ndani ya miaka mitatu ada imeshaipita bei ya baiskeli. Na baiskeli unailipa mara moja tu, ada inaendelea kila mwezi upande usipande.

Kinachookoa hesabu hiyo ni kwamba uanachama kamili ni wa nyumba nzima. Kila mtu anafungua akaunti yake ndogo ndani ya ule mmoja, na rekodi zake hazichanganyiki na za mwenzake. Mimi, mume wangu na mdogo wangu tukigawana, kila mmoja anabeba chini ya dola 17 kwa mwezi. Hiyo ni sawa na jimu za bei ya chini za huku, bila kuwasha gari. Mtu mmoja akiibeba peke yake ni karibu dola 600 kwa mwaka, na kwa fedha hizo ana haki ya kujiuliza mara mbili.

Kuwasha gari si jambo dogo hapa kwetu. Januari kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi hasi 20 za Selsiasi, barabara zinateleza, na mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nikitoka kazini saa moja asubuhi, kwenda jimu maana yake ni kukwangua barafu kwenye kioo, kuendesha gari, kubadili nguo kwenye chumba cha watu wengi, kisha kutoka na nywele zenye jasho kwenye baridi ile. Nyumbani navaa viatu, napanda, na baada ya nusu saa naingia kuoga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa mara tano inakufikisha kwenye 150. Wauguzi wa usiku tunajua jinsi dakika hizo zinavyopatikana kwa shida, na tunajua shinikizo la damu na kisukari vinavyowafanyia watu wa umri wetu.

Sasa niseme kile unachokilipia hasa, maana chuma chenyewe si cha ajabu. Unalipia walimu. Vipindi vinarushwa kutoka studio za New York na London, vingine moja kwa moja, na vilivyorekodiwa ni maelfu, vya dakika tano mpaka vya saa moja na zaidi. Mwalimu anakuambia ufanye mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika na ugumu uweke kati ya 35 na 45, wewe unazungusha kitufe kilicho mbele yako mpaka ufike hapo. Skrini inaonyesha mizunguko, ugumu na wati unazozalisha, yaani kipimo cha nguvu unayosukuma. Kwangu mimi wati ndizo zilizoleta tofauti. Kwenye jimu nilikuwa nikitoka nimelowa na nikiamini nimefanya kazi kubwa. Hapa namba inaniambia kama leo nimesukuma zaidi ya mwezi uliopita au nimetokwa jasho tu kwa sababu chumba kina joto.

Vipindi ninavyovipenda kuliko vyote ni vile vya kanda za nguvu. Kwanza unafanya jaribio la dakika 20 kwa nguvu zako zote unazoweza kuzidumisha. Wastani wa wati ulizopata unachukuliwa asilimia 95, na kutokana na hapo programu inakugawia kanda saba. Kanda ya pili ni ile unayoweza kukanyaga huku unaongea na mtu bila kuhema; ya tano na kuendelea, neno moja tu ni kazi. Mwalimu anaposema kanda ya tatu, yangu ni ya mwili wangu na ya mume wangu ni ya mwili wake. Kila mmoja anafuata kipindi kilekile kwa wati tofauti kabisa, na kila mmoja anachoka kwa haki. Sijaona mpango wa mazoezi unaomheshimu anayeanza kama huu. Upande wa kulia kuna orodha ya washiriki inayokuonyesha nafasi yako. Wengine inawachangamsha, mimi huificha. Jambo la kujua tu ni kwamba kwenye baiskeli ya kawaida ya matoleo ya awali wati ni makadirio yanayotegemea jinsi baiskeli hiyo ilivyosawazishwa, kwa hiyo usilinganishe namba zako na za shemeji yako aliyeko Texas. Jilinganishe na wewe mwenyewe juu ya baiskeli yako.

Lugha ya vipindi vingi ni Kiingereza, vipo vya Kijerumani na vya Kihispania. Mama yangu alipokuja kututembelea alipanda akitazama namba tu, mwalimu akamwacha ajiongelee. Alifurahi, lakini sitasema kwamba alipata kile tunachokipata sisi.

Kelele sijazisikia za kulalamikia. Ugumu unatokana na sumaku zinazosogezwa karibu na gurudumu zito la mbele bila kuligusa, kwa hiyo hakuna kinachosuguana. Tunaishi ghorofani na wapangaji wa chini hawajawahi kuja kugonga mlango. Weka mkeka mzito wa mpira chini yake, unasaidia mtetemo na unalinda sakafu. Baiskeli inachukua nafasi ya takriban sentimita 120 kwa 60, uzito wake ni kama kilo 61, na unahitaji nafasi pembeni ya kupandia na kushukia. Watoto wadogo wasiachwe peke yao karibu nayo, maana gurudumu likishazunguka linaendelea hata mguu ukitoka.

Ziko gharama zinazosahaulika. Pedali zinazokuja nayo ni za kubana viatu vyenye kibati cha chini aina ya LOOK Delta, kwa hiyo viatu unanunua au unabadili pedali. Kaptula yenye pedi nunua mapema, wiki za kwanza tandiko linauma. Futa jasho kila ukishuka, hasa kwenye boliti na chini ya usukani, chumvi inakula chuma. Na ukaaji: panda, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Tandiko likiwa chini sana magoti yatakwambia.

Njia ya bei nafuu ipo na ni ya kweli. Baiskeli kama Schwinn IC4 ina ugumu wa sumaku wa ngazi 100, inatuma taarifa kwa Bluetooth, na huuzwa chini sana ya Peloton mpya. Unaweka simu au tableti juu ya usukani na kulipia programu ya Peloton peke yake, App One kwa dola 15.99, ambayo ina kikomo cha vipindi vichache vya baiskeli kwa mwezi, au App+ kwa dola 28.99 kwa mwezi. Unachopoteza: programu itasoma mizunguko na mapigo ya moyo, lakini haitasoma ugumu wala wati, na ugumu wa mwalimu haulingani na ngazi za baiskeli yako, itabidi ukadirie. Pia programu ni ya mtu mmoja, si ya nyumba nzima. Kama unapenda kuendesha kwenye barabara za kwenye skrini na kushindana na watu, Zwift inasoma wati za baiskeli hiyohiyo, ada yake ni dola 19.99. Ningekuwa naishi peke yangu, ningeshika njia hii bila kusita.

Ila popote utakapokwenda, uliza baiskeli inafanya nini siku kampuni ikibadili mambo. Mwaka 2025 Echelon, kampuni nyingine ya baiskeli za mazoezi, ilitoa sasisho la programu lililoifanya mashine ihitaji kwanza kuwasiliana na seva za kampuni, na watu waliokuwa wakitumia programu za watu wengine wakajikuta wamefungiwa. Peloton bila ada inakuachia sehemu ya kujiendeshea na vipindi vichache sana. Gurudumu linazunguka na kitufe cha ugumu kinafanya kazi, walimu ndio wanaoondoka.

Sisi tuliinunua mtumba kwa familia iliyokuwa inahama, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya dukani. Soko la mtumba hapa Marekani limejaa, kwa sababu watu wengi walinunua wakati wa korona na baadaye wakarudi kwenye maisha yao. Tangu Agosti 2024 mnunuzi wa mtumba hapa analipa dola 95 za kuiwasha kwa jina lake, ziongeze kwenye bei unapopatana. Angalia pia nguzo ya tandiko. Mei 2023 Peloton ilitangaza kasoro kwenye takriban baiskeli milioni 2.2 za modeli PL-01, zilizouzwa Marekani kuanzia Januari 2018, kwa sababu nguzo hiyo ingeweza kuvunjika mtu akiwa amepanda. Nguzo mpya ilitolewa bure na mtu anaifunga mwenyewe nyumbani. Muulize muuzaji kama aliibadilisha, na kama hajui, chukulia kwamba bado. Kisha ipande hapohapo kwake: simama juu ya pedali, ongeza ugumu, sikiliza kama kuna mgongano kwenye mkono wa pedali, gusa skrini kila kona, na hakikisha akaunti yake imeondolewa kabla hujatoa fedha.

Wa Dar na Nairobi mnaoniuliza niwatumie kwa kontena, jibu langu ni hapana, na nalitoa kwa upendo. Peloton haiuzwi rasmi huko, fundi wake hayupo, na kipuri kimoja cha skrini kikiharibika utakuwa na chuma cha kilo 61 cha kuning'inizia nguo. Nunua baiskeli ya sumaku inayouzwa hapohapo mjini, ambayo muuzaji anaweza kukuletea mkanda na pedali, halafu pakua vipindi kwenye simu kabla umeme haujakatika. Na hali ya hewa yenu inawaruhusu kutoka nje asubuhi mwaka mzima, kitu ambacho mimi ninakitamani kuanzia Novemba hadi Aprili.

Kwa yule anayeishi huku na bado anasitasita, usinunue chochote mwezi huu. Lipia App+ ya dola 28.99, ipeleke kwenye baiskeli yoyote ya jimu au ya sehemu ya mazoezi ya jengo lako, fuata walimu wawili watatu mpaka mwezi uishe. Ukijikuta unakimbilia kipindi, tafuta mtumba. Ukijikuta unawazima sauti walimu ili usikilize muziki wako, hiyo ada ya kila mwezi si yako. Sisi tunaendelea kulipa kwa sasa. Ikipanda tena kufika dola 60 na mdogo wangu akawa ameshahamia kwake, tutaikata, tubaki na gurudumu na simu juu ya usukani.