Kiti ya ndege ya balsa (sio kiti cha kukalia)

Nilimwambia mama nimeagiza kiti China, akafurahi kweli akijua kile cha sebuleni kilichovunjika mguu kimepata mrithi, boksi linafika jembamba kama la tubulaiti na ndani vibao tu. Hajanisamehe hadi leo. Kiti yenyewe ni ile "kit" ya Kiingereza, seti ya vipande, na hii ni ya ndege ya rimoti ya kuunga mwenyewe, mabawa sentimita 90 ncha hadi ncha, mota ya umeme, unaiongoza kwa usukani wa mkiani na eleveta ya kupandisha na kushusha pua. Duka silitaji maana nina ya kulalamika.

Tuanze na mbao, hapo wameniweza. Balsa imekatwa kwa leza safi sana, mbavu za bawa unazigusa tu na wembe zinachomoka, na vipande vinaingiana mpaka raha, bodi nzima niliisimamisha kwanza bila tone la gundi. Kingo zina weusi wa leza, pitisha msasa laini ndo gundi ishike. Kama hujawahi kushika balsa, ni mti mwepesi ajabu, mwingi unatoka Ecuador, shiti (kibao chake chembamba) ukiipuliza inahama mezani.

Kasheshe ni uzito. Boksi limeandikwa gramu 180 ikiwa tayari kuruka, yangu mizani ya jikoni ikasema 212. Nikajiuliza hizi 32 zimetoka wapi, kumbe gundi jamani. Maelekezo yanasema "gundisha" basi, kiasi hawasemi, na mimi nilikuwa naimwaga kama fundi anayeziba bati linalovuja. Supaglu nyepesi tone moja kila kiungo inatosha, epoksi, ile gundi nzito ya kuchanganya mbili, iache kwa ajili ya kishikio cha mota na waya za matairi. Mkiani ndo ujibane kabisa, maana mkia uko mbali na bawa na pua iko karibu, kwa hiyo gramu 1 ya gundi kule nyuma inakudai kama gramu 3 mbele.

Na deni lenyewe nililipa. Unatakiwa uibebe ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, milimita 40 kutoka ukingo wa mbele, ikae sawa au pua iiname kidogo. Yangu mkia ulidondoka kama wa mbwa aliyefukuzwa jikoni. Nikasogeza betri mbele mpaka ikagota ukuta wa mota, wapi. Mwisho nikachukua chubwi ya mshipi wa kuvulia, nikaikata nusu kwa koleo, nikaibandika chini ya mota, ndo pua ikashuka taratiiibu ikatulia. Usirushe kabla ya hapo, ndege ya mkia mzito inanyanyua pua, inaishiwa mwendo, inadondoka, na hapo rimoti umeshika urembo tu.

Betri haimo kwenye boksi, lithiamu kuisafirisha kwa ndege kuna masharti kibao, nikachukua Kariakoo ya seli mbili, volti 7.4, mAh 450 (ndo kiasi cha chaji inachobeba), inanipa dakika 8 hivi kama sibonyezi mota muda wote. Usiisahau kwenye gari juani.

Ninachowalaumu kabisa ni kishikio cha mota, kimekatwa kimenyooka kabisa. Pangaboi likizunguka kwenda kulia linaisukuma ndege ilalie kushoto, kila mtu wa ndege hizi analijua hilo, sasa mota ilitakiwa iangalie kulia kidogo na chini kidogo toka kiwandani. Ndege yangu mara ya kwanza kurushwa iligeuka kushoto mkononi kwangu moja kwa moja hadi kwenye nyavu za goli, watoto wakashangilia kabisa. Nimeweka washa (kile kipete cha bati cha skrubu) moja nyembamba nyuma ya skrubu za kushoto na nyingine juu, imenyooka. Washa mbili! Wangeziweka tu kwenye kifuko.

Ikishakaa sawa lakini, weee. Inaelea mwendo wa baiskeli, ukizima mota unasikia upepo tu kwenye mabawa. Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana kusi likishaamka ndege hii ukiielekeza kwenye upepo inasimama hewani kama kipanga na ukiigeuza inaaga. Ikiwa inakuja usoni kwako kulia kunakuwa kushoto, hapo wengi tunaangusha, mimi nasukuma kijiti upande wa bawa lililoinama na inanyooka.

Nasema nunua, ila spea hawauzi, niliwaandikia wakanijibu ninunue kiti nyingine nzima. Kwa hiyo kabla hujachomoa hata ubavu mmoja peleka zile shiti stationery wapige fotokopi, buku tu. Mimi sikupiga, na sasa hivi nachora mbavu nne za bawa la kulia kwa kukisia, kwenye boksi la kandambili.