Hilux LN106 yenye injini ya 3L: pikapu ya mtu anayeshika spana mwenyewe

Natumia Hilux LN106 ya mwaka 1996 kubebea viazi kutoka shambani hadi Njombe mjini, na matengenezo yake mengi nayafanya mwenyewe uani, chini ya mparachichi. Kwa anayetaka dizeli ya zamani atakayoihudumia nyumbani, sijaona pikapu ya kuipita hii.

Injini yake ya lita 2.8 (3L ni jina lake tu, si lita tatu) haina kompyuta. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ili iendelee kuunguruma ni ule tu unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli, yaani vali ya umeme inayoruhusu dizeli ipite, kupitia waya mmoja. Likikuzimikia ghafla njiani na dizeli ipo, shika kwanza huo waya, mara nyingi umelegea kwa mtikisiko, kisha tazama fyuzi. Ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unapita.

Ninachokipenda zaidi ni filta ya dizeli. Juu ina pampu ya mkono, chini ina kizibo cha kumwagia maji. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, tega kopo, legeza kizibo, bonyeza pampu taratibu. Yatatangulia maji, pengine na matope yenye rangi ya kutu, ikifuata dizeli safi unafunga. Ukibadilisha filta, paka mpira wake dizeli, kaza kwa mkono bila spana, halafu pampu mpaka uhisi imekuwa ngumu chini ya kiganja. Hapo ujue hewa imetoka. Anayepiga stata kabla ya hapo anaua betri bure. Na filta tafuta ya uhakika. Kuna duka liliniuzia ya bandia, boksi linang'aa kabisa, lakini nilipoikata nikakuta karatasi ya ndani nyembamba, imegundishwa ovyo. Uchafu ukishapita hapo unakwenda kula pampu na nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, na bei ya kutengeneza pampu inanunua filta za miaka.

Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, na hita plagi (plagi za kupasha injini joto kabla ya kuwaka) zilizokufa hujulikana asubuhi: stata inazungusha, moshi mweupe unatoka, injini haishiki. Kuzipima hakuhitaji fundi. Toa bamba linaloziunganisha zote nne, weka mita kwenye ohmu, ncha moja kwenye plagi na nyingine kwenye bodi ya injini. Nzima inasoma karibu na sifuri, iliyokufa haisomi kitu. Tafadhali usizijaribu moja kwa moja kwenye betri, maana zipo za volti 6 na zitaungua mkononi mwako.

Oili naweka 15W-40 ya dizeli, basi.

Lawama ninazo. Mlimani na mzigo inachoka, hilo halina dawa. Mkanda wa taimingi ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kwa gari la mkononi usiamini kilomita za kwenye dashibodi: badilisha mkanda siku unayolinunua. Kubwa zaidi ni silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Injini hii haisamehe kuchemka, hedi inapasuka, kwa hiyo rejeta, mipira ya maji na feni ndivyo vya kukaguliwa kila asubuhi kabla ya kitu kingine. Kupima pampu na nozeli kwenye mashine, na kurekebisha nafasi za valvu, hayo nampelekea fundi pampu mwenye vifaa.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta, mwache awashe, utazame maji. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, au maji yakiwa na utando wa oili, hedi ni ya kushukiwa: mshukuru umwachie gari lake.