Siku mbili za kayaki Ghuba ya Chole, Mafia: uzoefu wangu

Nimetoa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoibana nitaieleza huko mbele. Mimi ni mtu wa Dar, na bahari niliyokuwa naijua ni ya kivuko cha Kigamboni na ya boti ya Zanzibar: injini inanguruma, watu wanasemeshana kwa kupaza sauti, na ukishuka masikio bado yanavuma. Wifi yangu ndiye aliyenishawishi. Aliwahi kwenda Mafia kikazi, akaona asubuhi watu wawili wakikatiza ghuba kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi, kimya, maji hayafanyi hata povu. Tangu hapo hakuniacha nipumzike.

Tulikwenda Oktoba, kusi likiwa limeshachoka na kaskazi bado halijaanza. Boti tulipandia Nyamisati, tukashuka Kilindoni, kisha bajaji hadi Utende, kama kilometa 15 hivi. Njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 ikawa ya kwanza nchini, na hapo unalipa kiingilio. Shika kitambulisho chako mkononi, maana sisi wananchi tunalipa kidogo kuliko wageni.

Huduma yenyewe: kayaki ya watu wawili, ile ya plastiki ngumu ambayo unakaa juu yake wala huingii ndani, makafi mawili, majaketi ya kujiokolea, na kijana wa kutuongoza akiwa kwenye kayaki yake. Tulilipa shilingi 50,000 kila mmoja kwa nusu siku. Tulipofika asubuhi tukamuuliza tunaondoka saa ngapi. Akasema, "Dada zangu, hiyo saa tuulize maji." Akaokota kijiti, akachora ghuba kwenye mchanga: Utende huku, Chole katikati, Juani ng'ambo, na mlango wa Kinasi ambako bahari kuu inaingilia. Mwezi mpevu ulikuwa jana yake, kwa hiyo ni bamvua, yaani maji makubwa, na maji ya bamvua pale hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yangeanza kujaa karibu saa 5, yafike mwisho saa 11 jioni. Basi tuondoke saa 8 mchana, yatubebe kwenda, tugeuke nayo kurudi.

Kwa hilo tu ningempa nyota zote. Nimeshakodi vyombo vya baharini mahali ambapo wanakuondoa saa waliyoandika kwenye ubao, upende usipende, mkaishia kusukuma chombo kwenye tope. Huyu kijana alikubali kukaa na wateja wawili asubuhi nzima chini ya mkungu kuliko kuwapeleka wakati mbaya. Na ile asubuhi haikupotea. Ghuba ilikuwa imekupwa, mchanga umetokeza, na kina mama walikuwa wameinama mbali kule wakichokoa pweza, sauti zao zikitufikia vipande vipande.

Saa 8 tukaingia majini. Dakika ishirini za kwanza ni za kugongana makafi, niseme ukweli. Mimi mbele, wifi nyuma, kila mtu na mapigo yake. Kijana akasogea, akatuambia aliye mbele asitazame nyuma, aliye nyuma ndiye amfuate. Tulipoliweka sawa, ghafla kayaki ikanyooka yenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kusikia. Kafi likiinuka, matone yanateremka kutoka kwenye bapa yanadondoka majini, tii, tii, tii, halafu kimya, halafu upande wa pili. Ukiacha kupiga unasikia maji yanavyopita chini ya plastiki, sauti kama ya mtu anayepapasa kanga.

Kwenye kayaki umekaa karibu kiwango kimoja na bahari. Mkono ukiuachia unagusa maji. Kwa hiyo unaona vitu ambavyo kwenye mashua vinakupita. Chini yetu kulikuwa na nyasi za bahari, na zote zilikuwa zimelala upande mmoja, kuelekea Juani. Kijana akasema hizo ndizo zinamwonyesha mkondo unakokwenda; siku zikisimama wima ujue maji yamekaa, yanataka kugeuka. Nilizitazama njia nzima. Samaki wadogo wenye mistari walikuwa wakitoka na kuingia humo, kivuli chetu kikiwapitia wanatawanyika, kikiondoka wanarudi.

Tulifika Kua, upande wa magharibi wa Juani. Ni mji wa kale wa Waswahili, misikiti na nyumba za mawe ya matumbawe, ambao Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19, ukahamwa. Kuta zimebaki na mibuyu inazikumbatia. Hatukukaa sana huko juu, kwa kuwa maji hayangoji. Ila kuufikia mji ule kwa chombo kisicho na kelele, jinsi waliokaa humo walivyoufikia, kulinifanya ninyamaze.

Kisha tukaingia mikokoni. Hapa ndipo moyo wangu ulipobaki. Mfereji unabana hadi kafi linagusa majani pande zote mbili, kijana akatuambia tuyaweke makafi juu ya magoti. Maji yalikuwa yakitusukuma taratibu ndani. Hatukufanya kitu. Mdiria mmoja, wa buluu, alikaa kwenye mzizi kama hatua tatu kutoka kwangu na hakuruka. Kaa wadogo walikuwa wakipanda mizizi kadiri maji yalivyopanda, kidole kwa kidole, kana kwamba wamepimiwa. Wifi, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alinigusa mgongo tu akanionyesha. Usishike mizizi, lakini. Imejaa chaza na makali yake yanakata vibaya. Kijana alituonya mapema, naye wifi ana kovu dogo kwa kutosikia.

Kurudi tulikutana na mzee kwenye mtumbwi, anakunja mshipi. Tukamwamkia shikamoo. "Marahaba. Mnapiga kafi vizuri, ila huyo wa mbele anakaza mabega." Alikuwa ananisema mimi. Nililegeza mabega, na kweli, maumivu yaliyoanza shingoni yakaisha kabla hatujafika Utende.

Siku ya pili maji yalichelewa kama dakika 50, nasi tukachelewa nayo. Tulizunguka Chole, kisiwa kidogo, bila haraka. Kuna popo wakubwa pale, wanaokula matunda, wananing'inia mitini mchana kutwa wakigombana. Jua lilipozama tulikuwa tumesimama katikati ya ghuba, makafi magotini tena. Wakaanza kutoka, mmoja mmoja, halafu makumi, kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta chakula, juu ya vichwa vyetu kabisa. Mabawa yao unayasikia. Mmoja alishuka akaligusa maji kwa kifua, akainuka, pete ya maji ikabaki mbele ya kayaki yetu ikipanuka.

Sasa ile nyota moja. Vifaa havilingani na huyo kijana. Mkanda wa kiti changu ulikuwa umelika, ukilegea kila baada ya muda, na bila kuegemea kiuno kinachoka haraka. Mfuko waliosema haupitishi maji ulipitisha. Nguo zikalowa, simu ikanusurika kwa sababu niliitia kwenye mfuko wa nailoni kwanza. Kubwa zaidi, jaketi la wifi lilikuwa kubwa mno, linampanda hadi kidevuni. Hilo si jambo la kuvumilia baharini. Tulilalamika jioni ile, na siku ya pili walimpa wifi jaketi linalomtosha na kunibadilishia kiti. Mfuko haukubadilishwa. Kagua vyote nchi kavu, vaa jaketi na uvute mabega yake kwenda juu. Likipanda, omba jingine.

Kama unakwenda kwa ajili ya papa potwe, hao huonekana upande wa Kilindoni, si huku, na ni safari nyingine ya mashua. Vaa mikono mirefu, beba maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, na kabla ya kukata tiketi angalia mwezi uko wapi. Ukipenda kufika ndani kabisa ya mikoko chagua bamvua. Maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, ni mazuri kwa wanaoanza, mkondo ni mpole, ila mifereji mingine hutaiingia. Sisi tumeshapanga tena, siku moja baada ya mwezi mpevu. Safari hii wifi anataka akae mbele.