Picha za wanyama Unguja na Pemba: lenzi kwanza, chapa ya kamera baadaye

Dukani utaulizwa unataka Canon, Nikon au Sony. Swali hilo lisubiri. Kitako cha lenzi (pale lenzi inaposhikia kwenye kamera) cha kampuni moja hakipokei lenzi ya nyengine bila adapta, na lenzi ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, mara nyingi ndiyo itakayokula fedha nyingi kuliko bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kwa hiyo tafuta lenzi unayoimudu, kisha ununue bodi inayoikubali.

Visiwani kazi ni mbili, na zinapingana. Msitu wa Jozani kuna kiza chini ya miti, lakini kima punju hawaogopi watu. Lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha (namba ikizidi, lenzi huvuta mbali zaidi), shida ni mwanga. Ghuba ya Chwaka maji yakitoka, mwanga umejaa tele ila ndege wa pwani kama sululu na vitwitwi wako mbali, na ukisogea wanaruka. Hapo hata 600 haizidi. Popo wa Pemba pale Kidike wananing'inia juu mitini na mbingu nyeupe nyuma yao: anza na 400, na uongeze fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) +1 hadi +2, la sivyo utapata vivuli vyeusi tu.

1. Nikon Z. Inaongoza kwa lenzi moja, 180-600mm f/5.6-6.3 (f ni upenyo wa lenzi: namba ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Ilipotangazwa mwaka 2023 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 1,700, nafuu kwa urefu huo. Ukizungusha zumu hairefuki. Kwetu hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa lenzi inayorefuka hunyonya hewa, na hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Uzito ni kama kilo 2. Tahadhari: lenzi za zamani za Nikon aina ya AF-D hushika kwa adapta yake iitwayo FTZ, lakini fokasi utazungusha kwa mkono.

2. Sony. 200-600mm f/5.6-6.3 nayo hairefuki, na kwa kuwa ni ya 2019, iliyotumika hupatikana. Sigma na Tamron pia wanaitengenezea Sony lenzi ndefu, ila kwa hizo kamera haivuki picha 15 kwa sekunde.

3. Canon RF. Kwa wa kutembea sana au kupanda boti ya pomboo Kizimkazi, tungeiweka ya kwanza. RF 100-400mm ina gramu 635 tu, na ilitangazwa kwa dola 650 hivi. Kwenye bodi ya R7, ambayo sensa yake ni ndogo, huona kama 640mm. Kasoro ni f/8 ukifika mwisho wa zumu: nusu ya mwanga wa f/5.6, yaani ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400 inageuka 12800, na manyoya ya kima yanakuwa chenga. RF 200-800mm ni ya Chwaka, msituni itakuchosha bure. Lenzi za zamani za EF hufanya kazi vizuri kwa adapta, fokasi na yote.

4. OM System. Nyepesi, na lenzi yake ya 100-400 huona kama 200-800. Sensa ni ndogo, kiza cha Jozani kinaishinda.

Mwenye fedha kidogo atafute Nikon D7200 iliyotumika na 200-500mm f/5.6. Lenzi hiyo ina kilo 2.3, lakini f/5.6 haibadiliki toka mwanzo wa zumu hadi mwisho.

Lenzi iliyotumika, fungua upenyo wote na uimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu wa kuvu: iache hata ikiwa rahisi, kwani hula utando uliopakwa juu ya kioo na kuusafisha ni kuifumua lenzi yote. Jaribu fokasi kwenye 200 na kwenye 500, karibu na mbali.

Nyumbani iweke kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto, ama sivyo kioo kitatoa jasho. Ukishuka botini, pangusa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo chumvi. Kitambaa kikavu huburura chembe za chumvi juu ya kioo na kukichuna.